Bunduki Iliyokataa Kukosa

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu mzito asubuhi. Baridi ya kutosha kuvaa sweta. Milima haionekani, hata mnara wa simu hauonekani. Jua limetoka saa tatu, kwa kusitasita, kama mtu aliyechelewa misa.

Tangu Pasaka Remigius hajakanyaga Ifakara. Pasaka! Siku zile mpunga ulikuwa bado kijani. Sasa watu wanavuna, wengine wameshakula wali mpya, na yeye yuko kambini kwake huko mbele ya Chita, anasoma nyayo za wanyama. Nyayo zangu hajazisoma.

Naandika kwa mpangilio, ili nikizeeka na kusahau nijue nilikuwa nani. Mimi Agnella, mtunza ghala wa kampuni ya uwindaji, hapa Kibaoni, Ifakara. Nina funguo za mahema, majembe, vyandarua, na kabati la chuma la bunduki. Remigius ni fundi wa bunduki. Siku ile ya Pasaka alinikuta napanga maboksi ya risasi, akasimama mlangoni, akasema: dada Agnella, una mkono mtulivu. Basi. Akanywa chai, akaondoka. Nimeutazama mkono huo kila siku tangu hapo. Ni mkono wa kawaida. Una kovu la sufuria.

Lakini leo nimepata njia!

Mzee Bwanaheri, meneja wetu, ana sheria moja asiyoitania. Bunduki ikitolewa kitako chake cha mbao, kwa sababu yoyote ile, haitoki ghalani mpaka ipigwe shabaha upya. Chuma na mbao vikishaachana havirudiani vilevile. Skrubu ikikaza kidogo zaidi upande mmoja, mtutu unasogea unywele, na unywele huo ukifika mita mia unakuwa kiganja kizima. Na mwenye ruhusa ya kupima ni mmoja tu. Remigius.

Kwa hiyo: kitako kikitoka, Remigius anakuja. Hesabu rahisi kuliko zote nilizofanya kidato cha nne.

Nimemwendea Mzee Bwanaheri. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kwamba masika yameacha kuvu kwenye kitako cha ile bunduki ya 375. Kuvu ipo kweli. Doa kama punje ya mchele. Akavaa miwani, akalitazama, akasema kuvu ni kama shemeji: anakuja na mfuko mmoja, baada ya wiki kabati lote ni lake. Akaniruhusu kukitoa kitako, nikisafishe, nikirudishe.

Nimepiga mswaki mara mbili kwa furaha.

Jumanne, 4 Juni

Ukungu tena. Jogoo wa jirani amewika akakohoa.

Kitako kimetoka. Skrubu ya mbele ni fupi, nimeiweka kisosi cha kushoto. Ya nyuma ni ndefu, kisosi cha kulia. Kabla ya kufungua nilichora alama ya penseli pale kila skrubu ilipoishia. Mtu asiye na utaratibu angezichanganya. Mimi siyo mtu huyo. Nimesugua mbao kwa msasa laini, nimepaka mafuta, nimeianika kivulini. Ghala zima linanuka mafuta ya bunduki. Ndiyo harufu yake. Shati lake, mikono yake, hata kikombe alichonywea Pasaka kilinuka hivyo siku mbili. Nimekaa na kitako mapajani muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kaingia Firdausi. Ana mgahawa pembeni ya geti letu. Anapika kambale wa nazi ambaye vijana wa bajaji wanamsifu kupita kiasi. Alikuja kuomba chumvi. Mwenye mgahawa anaomba chumvi kwa mtunza ghala! Macho yake yote kwenye ile bunduki iliyovuliwa nguo. Akauliza nani atakuja kuipima. Nikasema sijui. Akauliza, siyo yule mrefu wa Chita? Nikasema labda. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema basi amtafute kambale mkubwa, maana mara ya mwisho kaka Remigius alimla mpaka kichwa, akauliza kama mkia una ndugu.

Nimempa chumvi kidogo sana.

Kambini hakuna mtandao ila juu ya kichuguu kimoja. Remigius hupanda hapo jua linapozama. Nikasubiri jua. Halijawahi kuzama polepole vile. Nikapiga. Upepo, halafu sauti yake. Nikamweleza habari za kitako. Akauliza nani amekifungua. Nikasema mimi. Akasema atakuja Alhamisi, na kwamba nikirudisha nianze na skrubu ya mbele. Halafu mtandao ukakata. Nimebaki na simu sikioni. Nilikuwa namwona kabisa: amesimama juu ya kichuguu, giza linaingia, anatafuta mahali pa kuweka mguu.

Alhamisi, 6 Juni

Anga safi. Baridi. Siku nzuri kupita siku zote, ndivyo nilivyodhani saa moja asubuhi.

Nieleze mpango kwanza, ili ijulikane ulikuwa mpango mzuri. Bunduki ina kitu wanakiita ziro: pale ambapo jicho na risasi vinakubaliana. Ziro ikipotea, kazi ya kuirudisha inaweza kula siku nzima. Unapiga, unasubiri mtutu upoe, unasogeza darubini, unapiga tena, unasubiri tena. Siku nzima! Kwenye subira hizo watu huzungumza. Nikapanga chai saa nne. Saa sita nichinje kuku. Saa kumi, kazi ikiwa imetuchosha wote wawili, wali wa mchele mpya wa supa.

Amefika saa mbili na nusu na Raimundi, dereva wetu. Amekonda. Ndevu zimeingia mvi pembeni. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyoinama kupita mlangoni. Akanisalimu, akauliza habari za nyumbani, akauliza kama mama yangu anaendelea na mguu. Anakumbuka mguu wa mama!

Tukaenda kule nje ya mji kwenye kichuguu kikubwa kinachomeza risasi zetu. Polisi na mwenyekiti walikuwa na taarifa. Mimi nikashika darubini ya mkononi ili nitaje matundu. Remigius akalaza bunduki juu ya mfuko wa pumba, akaniomba kipande cha karatasi. Akakipitisha kati ya mtutu na mbao, kuanzia mbele kurudi nyuma. Mbao ikivimba na kugusa mtutu, karatasi inakwama. Haikukwama. Akasema, "Mm." Nimeifikiria hiyo mm mchana kutwa.

Akalala chini. Nikaomba kimoyomoyo: ee Mungu, ikose. Siyo sana. Kiganja tu.

Risasi ya kwanza: katikati, palepale pa mwaka jana. Ya pili: ubavuni mwa ya kwanza. Ya tatu ikapanua tundu la pili. Matundu yote yangefunikwa na kizibo cha soda.

Akainuka, akapangusa pumba kwenye viwiko. Akasema miaka yote hii hajaona kitako kinatoka na kurudi bila bunduki yenyewe kujua. Akaniambia aliyekifunga ana mkono. Nikasema ni mimi. Akasema, najua.

Basi, kazi imekwisha! Kabla ya saa nne! Tuliporudi chai ilikuwa haijachemka. Kuku alikuwa anatembea uani, mzima, anadonoa. Raimundi akapiga honi akisema mama ghala, umetuokolea siku, Mungu akuzidishie. Mungu anizidishie! Na pale getini nani? Firdausi, na bakuli la moto limefunikwa sahani, na kijiko, na ndimu iliyokatwa. Eti amesikia kaka ana haraka. Remigius akala kambale kwenye kiti cha mbele cha gari, mguu mmoja nje, akasema asante, akaniinulia mkono, wakaenda.

Vumbi lilikaa hewani muda mrefu. Nilisimama mpaka likatua.

Ijumaa, 7 Juni

Ukungu. Sikutoka kitandani kwa moyo mmoja.

Nimetafakari kosa liko wapi. Kosa ni kwamba hapakuwa na kosa. Umakini wangu ndio umemfukuza. Zile alama za penseli! Vile visosi! Ningekuwa mzembe kama wanawake wengine, Remigius angekuwa anapima hadi leo.

Firdausi amerudisha chumvi. Zaidi ya niliyompa. Akauliza kwa upole ule wa kuudhi kama bunduki zangu zote zimepona, au kuna nyingine inajisikia vibaya.

Ipo. Kabatini kuna ile kubwa, 458, ya wanyama wanaorudisha ugomvi. Kitako chake kina doa. Nikiligeuzia mwanga ni doa kabisa.

Safari hii nitaifunga vibaya. Nimelifikiria jambo hili kwa pande zote na halina hatari, kwa sababu sheria inasema haitoki ghalani mpaka ipimwe, na mpimaji ni yeye. Atagundua, atakasirikia skrubu, na kazi ya kurekebisha itachukua siku nzima. Sheria inamlinda kila mtu. Nimejiridhisha.

Jumatatu, 10 Juni

Manyunyu kidogo alfajiri, kinyume cha msimu. Waliokuwa wameanika mpunga wamekimbizana na maturubai.

Mzee Bwanaheri ameruhusu bila hata kuvaa miwani. Ananiamini. Imeniuma kidogo, kisha ikapita.

Kitako kimetoka, kimepakwa mafuta, kimerudi. Sasa kazi ya kuharibu. Skrubu ya mbele nikaikaza. Ya nyuma niiache imelegea. Mkono ukaikaza! Nikailegeza. Nikageuka kuchukua kitambaa, nikarudi, nikakuta nimeshika bisibisi na naikaza tena. Mkono mtulivu haujui kuharibu. Unafanya kazi wenyewe kama mguu wa cherehani. Mwisho nikailegeza kwa mkono wa kushoto, macho nimefumba, kama mtu anayemeza kwinini. Kwa nje haionekani. Ukiitikisa haisemi kitu. Lakini mimi najua.

Jua lilipozama nikapiga kwenye kichuguu. Nikamweleza kwamba na 458 nayo. Akauliza kuna nini na kuvu mwaka huu. Nikasema masika yalikuwa marefu. Akasema kweli yalikuwa marefu. Halafu tukanyamaza wote, nusu dakika hivi, bila kukata. Nilisikia chura wa kule. Akasema Alhamisi.

Nusu dakika! Kwa vocha yake au yangu, sijali.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi jua kali. Joto limerudi. Naandika usiku, baada ya kurudi.

Asubuhi nilikwenda sokoni kujiandaa na kesho. Safari hii chakula kiwe tayari saa mbili, Firdausi asipate nafasi hata ya kupitisha ndimu. Nikachagua nazi. Nikachagua kambale, ndiyo, kambale, mkubwa kuliko wake. Nikarudi naimba.

Kabati la bunduki wazi. Nafasi ya 458 tupu.

Nikamkuta Mzee Bwanaheri barazani na kahawa. Akasema simu imetoka Chita alfajiri: nyati dume mwenye jeraha la waya wa mtego ameingia mashambani, amemrusha mvunaji mmoja, kijiji kinaomba msaada na kibali kimetolewa. Remigius anakwenda kumtafuta kesho asubuhi na anataka bunduki kubwa. Basi yeye Mzee akafungua kwa ufunguo wake wa akiba, akampa Raimundi, gari limeondoka. Nikauliza, na kupimwa? Akatabasamu. Akasema hiyo sheria aliiweka kwa ajili ya mafundi wa kubabaisha. Kazi ya Agnella haina haja ya kupimwa.

Nilipaswa kusema palepale. Mdomo ulifunguka. Nikasema, "Asante, Mzee."

Asante!

Nyati aliyejeruhiwa hasubiri mtu akaze skrubu. Na huwezi kumkosa kwa kiganja, kwa sababu kiganja ndicho kinachomtofautisha nyati aliyelala na nyati anayekujia. Nikampigia Raimundi: simu imezimwa. Nikampigia Remigius: hakuna mtandao, saa tano asubuhi, nani atakuwa juu ya kichuguu? Nikamwachia Firdausi kambale, mzimamzima, na nazi. Akanitazama, akauliza nani amekufa. Nikasema bado. Hakunitania. Akanifungia mandazi kwenye gazeti, akamwita Evod wa bodaboda, akamwambia mpeleke huyu, na usipige soga.

Evod alipiga soga mpaka Chita. Alinisimulia ndoa yake yote. Barabarani mpunga umeanikwa hadi nusu ya njia, unapita ukiomba radhi. Kisha ng'ombe wa Wasukuma, kundi lisilo na mwisho, wanavuka kwa raha zao, na mchungaji anatusalimu kwa adabu zote, na Evod anamjibu kwa adabu zote, na mimi nyuma natafuna ncha ya kanga. Nikawaza: akifa, ameuawa na mkono wa kushoto. Nikawaza tena: hajawahi hata kuonja wali wangu.

Tumefika kambini saa tisa na kitu. Kabla pikipiki haijazimwa, mlio! Mzito, ule wa 458. Ndege wote wakaruka. Nikakimbia. Kiatu kimoja kimebaki na Evod.

Remigius alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mfuko wa pumba. Mzima. Anapima! Karatasi ya shabaha imebanwa kwenye kichuguu cha kule mbali. Raimundi amekaa kivulini na darubini, akitaja matundu: kushoto, kushoto, sasa juu, mzee, hii bunduki imelewa.

Nikasimama. Remigius akanitazama, akatazama mguu wangu usio na kiatu, akamwambia Raimundi akachemshe chai. Raimundi akasema chai ipo. Akamwambia achemshe nyingine.

Nikamuuliza kwa nini anapima wakati Mzee amesema hakuna haja. Akasema sheria siyo ya Mzee, ni ya bunduki. Ikitoka kwenye kitako anaipiga, hata kama amekifunga mama yake mzazi. Akaongeza kwamba alimwuliza Raimundi nani aliifunga, Raimundi akasema Agnella, ndiyo maana akashangaa kuona matundu yanatembea. Skrubu ya nyuma imelegea. Je, nilisahau?

Njia ilikuwa wazi. Nimesahau, samahani kaka, nilikuwa na homa. Nilikuwa nimeiandaa hiyo sentensi tangu kwenye ng'ombe. Nikasema, sikusahau. Nimeilegeza.

Akakaa chini. Akauliza, ili iweje?

Nikasema: ili uje.

Mbali, Evod anamsimulia mpishi ndoa yake.

Remigius akaniambia maneno mazito kwanza. Kwamba kesho angesimama mbele ya nyati na vijana wawili wa watu nyuma yake. Kwamba kama angekuwa mvivu wa kupima, au mwanga umekwisha, leo ndiyo ingekuwa siku ya mwisho kuonana. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nililia, kamasi na vumbi la barabara kwa pamoja, sura ya namna hiyo ndiyo aliyoiona baada ya mipango yangu yote. Halafu akanipa bisibisi. Akasema, funga.

Nikafunga. Ya mbele, kisha ya nyuma. Mkono ukatulia mara tu ulipopata kazi halali. Akapitisha karatasi chini ya mtutu, ikapita. Akapiga. Tukasubiri mtutu upoe. Akasogeza darubini kidogo, akapiga, tukasubiri tena. Mimi nikitaja matundu. Kiganja kikawa vidole vitatu, vitatu vikawa kimoja. Kwenye subira hizo tulizungumza: mguu wa mama, bei ya pumba, jinsi mto ulivyopanda mwaka huu. Jua likawa la njano juu ya nyasi. Bega lake lilikuwa hapa, kitabu hiki kingetosha katikati. Ndiyo siku niliyoipanga, yote, mpaka chai ya Raimundi. Sikuweza kuifurahia hata kidogo, na nisingeibadilisha na yoyote.

Wakati wa kuondoka akasema: Agnella (bila dada!), ukitaka nije, piga simu useme njoo. Mimi siyo bunduki, sihitaji kufunguliwa kitako.

Alhamisi, 13 Juni

Sijaangalia hali ya hewa.

Nimemwambia Mzee Bwanaheri kila kitu asubuhi, nimesimama, bila kuketi. Hakugomba. Alitikisa kikombe cha kahawa mpaka kikatulia, akanyoosha kiganja, nikaweka ufunguo wa kabati la bunduki. Akasema nabaki na mahema, majembe, vyandarua na pampu ya maji. Akasema pia kwamba kosa lingine ni lake, na kwamba hatasema tena kazi ya mtu haina haja ya kupimwa. Hilo limeniuma kuliko ufunguo.

Halafu kusubiri. Nimekunja mahema yaliyokuwa yamekunjwa. Kila gari nilijua sauti yake: lori la mpunga, basi, lori la mpunga, bajaji. Firdausi akaja akakaa juu ya maturubai bila kuomba chumvi. Ameleta kambale wangu, amempika yeye. Tukala. Ni mtamu. Naandika hili kwa uchungu: ni mtamu sana. Akaniuliza kama nampenda yule mtu. Nikasema ni suala la kikazi. Akasema, shoga, hakuna kazi inayomkimbiza mtu bila kiatu.

Jua likazama. Sikupiga. Kama kuna mtu juu ya kichuguu, atapiga mwenyewe. Giza likaingia. Nikawaza yupo kwenye nyasi mahali fulani, na skrubu niliyoikaza mimi.

Ujumbe ukaingia: "Risasi moja. Wote wazima. Ilikwenda palepale."

Nimeusoma mpaka simu imeisha chaji.

Jumamosi, 15 Juni

Ukungu umerudi asubuhi, mwepesi. Mlima mmoja umeonekana, kisha ukajuta.

Ghala limepangwa. Lile kabati la chuma nalipita nikitazama pembeni, kama mtu tuliyekosana. Ningetaka kusema kwamba nimekuwa mtu mpya. Nimejichunguza na nadhani nimekuwa. Somo ni dogo na wazi: ukitaka mtu aje, mwambie njoo. Neno lenye herufi nne. Mtoto wa chekechea analiandika.

Jua lilipokaribia kuzama nikakaa kwenye ngazi ya ghala na simu. Nikaandika: Njoo. Nikalitazama. Liko uchi mno. Halina hata sababu. Mtu akiulizwa barabarani unakwenda wapi, aseme nini, kwamba ameambiwa njoo? Nikalifuta. Nikaandika: Njoo ukipata nafasi. Linaonekana kama tangazo la duka. Nikafuta. Nikaandika: Shikamoo. Ana miaka mitano zaidi yangu tu! Nikafuta upesi.

Firdausi akapita na ndoo ya maji machafu, akauliza kama simu inaniuma. Nikamwambia nafikiri. Akasema yeye akitaka mtu ale kwake humwambia karibu ule, na anakula. Watu wengine wana maisha mepesi.

Mwanga ulikuwa unakwisha. Alikuwa juu ya kichuguu, najua, dakika chache tu, halafu angeshuka. Nikaandika bila kupumua:

"Kaka Remigius, habari. Pampu ya maji ya huku inatoa mlio ambao siuelewi. Fundi wa hapa mjini naye hauelewi. Nadhani ni mlio wa kitaalamu."

Nikatuma.

Jibu limekuja kabla sijaweka simu chini. "Nakuja Jumatano. Nitakaa siku mbili. Kula nakula kwako. Tafadhali usiiguse hiyo pampu."

Siku mbili! Kwangu! Nimecheka peke yangu ghalani mpaka mlinzi akamulika tochi.

Kuna tatizo dogo tu. Pampu ni nzima kabisa. Nimekwenda kuisikiliza sasa hivi, inanguruma kama paka aliyeshiba. Fundi wa hapa mjini hajaitwa. Remigius akija akaikuta hivi ataniona mwongo, na baada ya yote yaliyotokea siwezi kumfanyia hivyo. Mtu kama yule anastahili ukweli. Kwa hiyo lazima iharibike kweli kabla ya Jumatano. Kidogo tu. Ina boliti nne upande wa chini, nimeshaziwekea alama ya penseli. Spana nimeiazima kwa Evod, nikamwambia ni ya kitanda.

Nalala sasa, saa sita na robo.